Kodi ya Miguu

Barua ya uhamisho haikuambii utalala wapi. Niliyoipokea mimi mwaka 2021 ilinitaka niripoti Dodoma ndani ya siku kumi na nne, ikanitakia utumishi mwema, ikaishia hapo. Mengine yote, yaani nyumba, shule ya watoto, duka la unga, zahanati, njia ya kufika kazini kwa wakati, yaliachwa mikononi mwangu na mwa dalali mmoja ambaye namba yake nilipewa na mwenzangu aliyenitangulia. Ninaandika makala haya kwa ajili ya watumishi ambao barua zao bado ziko njiani, na kwa wanafunzi wangu ambao kila mwanzo wa mwaka wa masomo huniuliza ni mtaa gani una vyumba vya bei nafuu. Swali lao ni sahihi nusu. Nami niliuliza hivyohivyo, na nusu iliyobaki niliilipia kwa miezi kumi na minane.

Historia ya kuhamia Dodoma inajulikana, nami sitairefusha. TANU iliamua mwaka 1973. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, yaani CDA, ikaundwa mwaka huohuo na kuishi hadi ilipovunjwa Mei 2017. Kwa zaidi ya miaka arobaini serikali ilihamia kwa maneno kuliko kwa mizigo, mpaka Julai 2016 Rais Magufuli aliposema kwamba safari hii ni kweli. Aprili 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta hapa watu takriban 411,000; ya mwaka 2022 ikawakuta zaidi ya 765,000. Takwimu hizi huzungumzwa kwa fahari majukwaani, na fahari hiyo ina haki yake. Lakini kila mmoja wa hao walioongezeka alilazimika kupata mlango wa kufunga usiku, na njia ya kutembea kutoka mlangoni hapo.

Nyumba ya kwanza niliipenda kabla sijaiona. Dalali alinitumia picha: vyumba vitatu, sebule pana, vigae, ukuta, geti jeusi, tangi la maji la lita elfu tano. Ilikuwa katika viwanja vipya kusini mwa mji, mtaa ambao sitautaja kwa kuwa wenyeji wake hawana kosa lolote katika habari hii. Kodi ilikuwa shilingi 250,000 kwa mwezi, ilipwe kwa miezi sita, na ya mwezi mmoja iwe yake dalali. Kwa fedha hiyo Dar es Salaam nilikuwa ninapata nusu ya ukubwa huo. Nilijiona mjanja. Nikiri pia jambo ambalo watu wa daraja langu hawalisemi waziwazi: nilitaka geti. Nilikulia Magomeni katika nyumba ya vyumba sita iliyokaliwa na familia nne, na sehemu fulani ya nafsi yangu ilikuwa imeahidiwa tangu darasa la saba kwamba mwisho wa kusoma ni kuishi mahali ambapo mpita njia hakuoni ukila.

Dalali alitupeleka kuiona kwa gari yake. Hilo, ndugu msomaji, ndilo kosa la kwanza, na ninakusihi usilirudie. Anayekwenda kuona nyumba kwa gari la mtu mwingine anaona nyumba tu. Haoni kwamba kutoka kituo cha daladala hadi getini ni dakika thelathini na tano za mchanga unaozamisha kiatu, kwamba katikati kuna korongo, wala kwamba hakuna mti hata mmoja wa kukukinga na jua la Oktoba. Dalali alizungumza njia nzima kuhusu vigae.

Hesabu ilianza kujionyesha mwezi wa kwanza. Mimi na mke wangu, ambaye anafundisha shule ya msingi mjini, kila mmoja alipanda bodaboda hadi kwenye lami na kurudi nayo, na daladala mbili kwenda na mbili kurudi: shilingi 3,600 kwa siku, siku ishirini na mbili. Hiyo ni 79,200 kwa kichwa, 158,400 kwa wawili. Basi la shule la watoto wawili lilikuwa 120,000. Mara moja kwa wiki bajaji ilimpeleka mama yangu sokoni na kumrudisha, nayo ikala 32,000 kwa mwezi. Jumla ni 310,400. Nyumba ya 250,000 ilikuwa ikitugharimu 560,400, na zaidi ya nusu ya fedha hiyo haikununua hata tofali moja. Ilinunua umbali, kisha ikaulipia tena kesho yake. Mwalimu wa uchumi angenicheka. Mimi hufundisha sera za umma, na nilichukua miezi minne kuitambua hesabu ambayo muuza nyanya angeifanya akiwa amesimama.

Hata hivyo fedha haikuwa jambo lililotuondoa pale. Tungeendelea kulipa, tukilalamika kama wenzetu wanavyolalamika, huku tukipanga kukopa gari. Aliyetuondoa ni mama.

Mama alikuwa na miaka sabini na moja tulipomtoa Magomeni. Huko alikuwa na mzunguko wake. Asubuhi genge la jirani, kisha muuza samaki wa kona, kisha kibaraza cha rafiki yake ambako walichambua mchele na habari za mtaa mzima. Alhamisi kikoba. Ijumaa darsa msikitini. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichohitaji nauli. Magomeni ni mtaa wa viwanja vidogo na nyumba zilizokaribiana, na sisi tuliosoma tumezoea kuuzungumzia kwa maneno ya msongamano na uhaba. Miaka ya karibuni Profesa Carlos Moreno wa Paris amepata sifa kubwa kwa wazo la jiji la dakika kumi na tano, ambamo mtu hufikia mahitaji yake ya kila siku kwa miguu au baiskeli. Wazo ni zuri na ninalifundisha. Mama alikuwa ameliishi kwa nusu karne bila kulipia ada.

Katika mtaa mpya alitoka siku tatu za mwanzo. Alipita mbele ya kuta, akapiga hodi kwenye mageti mawili, akajibiwa na walinzi kwa adabu kwamba wenyewe wako kazini. Siku ya nne mbwa walimkimbiza. Baada ya hapo alikuwa akitoa ndoo tupu, anaigeuza kifudifudi ndani ya geti lililo wazi kidogo, anakaa na kutazama barabara. Nilimkuta hivyo jioni moja. Nikamwuliza kama anaumwa.

"Siumwi, baba," akanijibu. "Ila leo ni siku ya tisa sijaitika marahaba ya mtu wa nje."

Nilicheka. Kisha nikahesabu siku, nikakuta kwamba hakukosea.

Daktari alikuwa amemwagiza atembee kila siku kwa ajili ya presha, na kwa miaka mingi alikuwa anatii agizo hilo bila kujua, maana mtu anayefuata dagaa hajui kuwa anafanya mazoezi. Sasa aliacha. Miguu ikaanza kuvimba. Januari 2023 mvua ilinyesha usiku kucha, na mvua ya Dodoma, ambayo huja kwa miezi michache tu ya mwaka, ikija huja na deni lote. Korongo lilijaa. Bodaboda walikataa kuvuka. Dawa zake zilikuwa zimekwisha siku iliyotangulia, na duka la dawa la karibu lilikuwa ng'ambo. Siku mbili. Siku ya tatu nilivua suruali, nikavuka maji yakiwa mapajani, nikanunua dawa ya shilingi elfu sita, nikarudi. Vipimo vya presha alivyosomewa wiki ile sitaviandika hapa. Mke wangu hakunilaumu. Alisema tu kwamba yeye na watoto hawatatumia msimu mwingine wa mvua katika nyumba ile.

Ni katika miezi hiyo nilipofungua tena maandishi kuhusu Mpango Kabambe wa kwanza wa makao makuu, uliotayarishwa mwaka 1976 na washauri wa Project Planning Associates kutoka Toronto. Nilikuwa nimeyasoma nikiwa mwanafunzi, kama mtu anavyosoma ili afaulu mtihani. Safari hii niliyasoma kama mpangaji. Mji uliochorwa pale ulikuwa mji wa watu wanaotembea. Makazi yalipangwa kwa makundi, kila kundi na shule yake, maduka yake na vituo vya basi ndani ya mwendo wa miguu. Mabasi yapewe njia zao. Baiskeli na miguu vitangulie, gari binafsi lifuate nyuma. Ulikuwa mwaka wa tatu tangu bei ya mafuta ilipopanda duniani, na nchi iliyokuwa inahubiri Ujamaa isingeweza kuchora mji wa wenye magari bila kuona haya. Mpango huo ulikuwa na kasoro zake, na mwingi haukujengwa. Lakini swali ulilouliza lilikuwa la msingi: mtu asiye na gari ataishije hapa?

Leo swali hilo tunaliuliza mwishoni, kama tunaliuliza. Mji wa Serikali uko Mtumba, takriban kilomita 17 mashariki mwa katikati ya jiji. Barabara ya mzunguko wa nje ina urefu wa kilomita 112.3. Sipingi barabara; lori la Rwanda halina sababu ya kupita mbele ya shule ya watoto wangu. Ninachokihoji ni mpangilio wa nini kinatangulia. Katika mtaa wetu wa kwanza kulikuwa na kiwanja kikubwa chenye kibao cha bati: eneo la shule. Kwa miezi kumi na minane kibao kilipauka huku nyumba zikiota pande zote. Mahali pa soko pia palitengwa, napo palilishwa mbuzi. Kila kiwanja cha makazi kilikuwa kimeuzwa, kwa sababu makazi huleta fedha mara moja na shule huzitumia. Hivyo mtu wa kwanza kuhamia hulazimika kusafiri kufuata kila kitu, na akishanunua gari hana tena haraka ya kudai soko. Jirani zangu walikuwa watu wema na wenye sauti. Wengi wao wangeweza kumpigia diwani simu. Walipiga kuhusu lami.

Tulipoanza kutafuta upya, mama alitoa sharti moja: hatapanda gari la dalali. Dalali wa pili alikuwa kijana mpole, alikuja na bajaji, akamwita bi mkubwa na kumfungulia nafasi. Mama akamwambia atangulie, sisi tutamkuta. Tulianzia soko la Majengo. Akanunua nyanya, vitunguu na nazi mbili, akanipa mfuko nibebe, tukaanza kwenda. Kwa kila nyumba tuliyoonyeshwa jioni ile utaratibu ulikuwa huohuo. Alitembea na mzigo wa sokoni hadi mlangoni, na kama mkono wangu ulichoka kabla hatujafika, alimshukuru dalali na kugeuka. Njiani alisimama kila penye genge na kuuliza mambo ambayo mimi, na shahada zangu tatu, nisingeyauliza. Maji hutoka siku gani? Mvua ikinyesha mnapita wapi? Taa ile ya barabarani huwaka, au imesimama tu? Binti akitoka masomo ya jioni anarudi na nani? Wenye magenge walijibu kwa uaminifu, kwa kuwa hawakuwa na nyumba ya kupangisha. Mmoja alitutahadharisha kuhusu mtaro ambao dalali alikuwa ametupitisha kwa uangalifu mkubwa upande wa pili wake.

Ningependa watumishi wanaohamia wazingatie hesabu ya mama, ambayo haikuanzia ofisini. Sisi tulikuwa tumechora ramani kutoka kazini kwangu, kana kwamba nyumba ina mkaaji mmoja. Kaya yetu ina watu watano. Mmoja hana budi kupanda gari, kwa sababu chuo kiko mbali na kitabaki mbali. Wa Mtumba naye ana basi la wizara au la daladala. Wanne waliobaki wana safari zao, nyingi na fupi: mkate, chumvi, daftari, dawa, msiba. Hizo ndizo huifanya nyumba iwe ghali au nafuu. Afadhali mmoja apande na wanne watembee.

Tulipata upande mmoja wa nyumba ya zamani Majengo: vyumba vitatu, ukumbi wa pamoja, choo chetu uani. Kodi 380,000. Mke wangu huenda shule kwa miguu kwa dakika kumi na mbili. Watoto wanatangulizana na wenzao. Mimi hutumia daladala moja kwenda na moja kurudi, 17,600 kwa mwezi. Jumla ni 397,600, pungufu ya shilingi 162,800 kuliko kule kwenye vigae. Mama alipata mzunguko wake ndani ya wiki mbili, na ndani ya mwezi mmoja alikuwa ananisimulia habari za watu ambao sikuwajua kama majirani zangu. Alijifunza kusema mbukwenyi kwa wazee wa Kigogo wanaoleta ufuta na ubuyu, nao walimcheka lafudhi yake na kumwongezea kipimo. Miguu ilipungua uvimbe.

Sitaki kuupamba mtaa. Kuna spika ya harusi kila Jumamosi. Ukuta kati yetu na jirani haufiki juu, hivyo tunajua deni lake na yeye anajua tunavyogombana. Vitabu vyangu viko kwenye maboksi chini ya kitanda. Mwenzangu mmoja, mtu ninayemheshimu, aliniuliza mbele ya wengine: "Daktari mzima unaishi uswahilini?" Nilimjibu kwa utani. Lakini nilipofika nyumbani nililiona geti jeusi akilini, na niliona haya kwamba bado linanivuta.

Jambo lililobaki ni gumu kuliko hayo. Kwenye kibaraza chetu kuna fundi cherehani, mama wa watoto watatu. Nilidhani amekodi kibaraza tu. Cherehani yake ililala ukumbini kwetu kila usiku kwa ombi la mama, na asubuhi aliifuata. Ilipita miezi kadhaa kabla mama hajaniambia kilichokuwa kinajulikana kwa kila mtu mtaani isipokuwa mimi. Vyumba viwili kati ya vitatu tunavyoishi vilikuwa vyake. Alikuwa akilipa 160,000 kwa vyote viwili, mwezi kwa mwezi. Mwenye nyumba alimwambia kuna mtumishi wa serikali anayetaka upande mzima na atatanguliza miezi sita. Mtumishi huyo ni mimi. Wateja wake wote wako Majengo, hivyo cherehani haikuweza kuhama. Yeye na watoto walihamia mahali ambapo kodi ni ndogo.

Nilimwuliza ni wapi. Alinitajia mtaa, na nilihitaji muda kabla ya kusema neno. Ni kulekule kusini, mbele kidogo ya korongo, chumba kimoja nyuma ya nyumba isiyomalizika.

"Nauli ndiyo inanila, mwalimu," akasema, bila lawama sautini, huku anapima shati la mwanangu begani. "Chumba chenyewe ni rahisi."

Mwanaharakati aliye ndani yangu ana majibu. Jiji lijenge nyumba za kupangisha za gharama ya chini katikati, kwenye ujazo wa juu, badala ya kupima viwanja kila mwaka mbali zaidi. Shule na soko vitangulie kabla ya kiwanja cha kwanza kuuzwa. Mpangaji wa mwezi kwa mwezi apewe ulinzi dhidi ya anayekuja na bulungutu. Haya nimeyaandika katika ukumbi huu mara kadhaa na nitayaandika tena. Lakini fundi hakuondolewa na sera. Aliondolewa na mtu aliyekuwa anatafuta mtaa wa bei nafuu wa kutembea kwa miguu, akaupata.

Wiki iliyopita mwenye nyumba alikuja baada ya magharibi. Alikaa, akanywa chai, akamjulia mama hali. Kisha akasema kwamba kuna bwana mmoja wa wizara amechoka kukaa mbali, na yuko tayari kutoa 500,000, mwaka mzima kwa mkupuo. Alisema ameona ni vema anieleze mimi kwanza, kwa heshima. Nimemwomba mwezi mmoja. Mama hakusema kitu. Alisimama, akaenda ukumbini, akaifunika cherehani kwa khanga kama afanyavyo kila usiku.